Tamthilia Mliyoifanyia Mtihani, Njooni Muione

Aliyepita sekondari Tanzania hana haja ya kuelezwa Ngoswe ni nani. Anamjua karani wa sensa aliyetoka mjini kwenda kijijini kuhesabu watu, akamwona Mazoea, binti wa Mzee Ngengemkeni Mitomingi, kazi ikamtoka akilini, na mwisho wa yote makaratasi ya serikali yakateketea. Anajua dhamira zake, migogoro yake, sifa za kila mhusika, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Yote hayo aliyakariri usiku wa kuamkia mtihani. Ila muulize: uliiona wapi ikichezwa? Hapo atakuna kichwa. Pengine darasani, wenzake watatu wamesimama mbele, kitabu kimoja wanagombania, wanasoma kwa zamu hadi kengele ilipowaokoa.

Ndugu zangu, Edwin Semzaba hakuandika Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ili itungiwe maswali. Tamthilia huandikwa watu waje, wakae, wacheke, kisha wabishane njiani wakirudi nyumbani kuhusu nani alikuwa na makosa. Maswali ya mtihani yalikuja baadaye, yakakaa sebuleni kama mgeni asiyeaga, na mwenye nyumba akahamia jikoni. Tunataka kumrudisha.

Sisi ni kikundi kidogo cha maigizo, huku Temeke, Dar es Salaam. Hatufiki ishirini. Mchana mmoja wetu anashona, mwingine yuko zamu hospitalini, wawili ni walimu, yupo dereva wa bajaji, yupo mama lishe. Jioni tunakutana kwenye ukumbi wa kukodi. Kuanzia Juni, masika yakishapita, mpaka Septemba, tutacheza tamthilia nne za kisasa za Kiswahili, kila mwezi moja: Ngoswe, Mashetani, Nguzo Mama na Kwenye Ukingo wa Thim. Wito huu ni wa kuwaomba mje, na wa kuwaomba mambo mengine kadhaa nitakayoyataja huko mbele bila aibu.

Tumeshaulizwa kisasa gani hicho, ikiwa iliyo changa kuliko zote ilichapishwa 1988. Swali la haki. Jibu letu ni kwamba tamthilia huzeeka ikishachezwa mpaka watu wakaichoka. Hizi hazijapata nafasi ya kumchosha mtu.

Tunaanza na Ngoswe kwa sababu watu wanaijua, na anayeijua hadithi hukaa kwa raha zaidi. Makarani wa sensa ya 2022, ninyi mliopita mlango kwa mlango na vishikwambi, tumewatengea safu ya mbele. Tunataka tuwaone mkicheka mkiona madodoso ya karatasi na kazi ya kuyalinda.

Julai ni zamu ya Mashetani ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1971. Kitaru na Juma ni marafiki. Wanacheza mchezo chini ya mbuyu, mmoja Shetani, mwingine Binadamu, na mchezo ukiisha haumwachi Kitaru. Unamfuata mpaka kitandani. Nyuma ya vijana hawa kuna familia mbili, moja inapanda, nyingine imeporomoka na kubaki na kumbukumbu za ukubwa, na urafiki wao unapata ufa ambao hakuna anayetaka kuutaja. Shuleni tuliambiwa Shetani ni ukoloni mamboleo, tukaandika hivyo, tukapata alama. Sawa. Lakini mwigizaji hawezi kuigiza ukoloni mamboleo. Anaweza kuigiza mtu anayecheka wakati mwenzake hacheki. Mwongozaji wetu alimaliza jioni nzima kwenye kicheko hicho kimoja, kirefu, kifupi, cha puani, cha kifuani, hadi mlinzi wa ukumbi akaja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Agosti ndipo kazi ilipo. Nguzo Mama iliandikwa na Penina Muhando, ambaye wengi wenu mnamjua kama Profesa Penina Mlama, ikachapishwa 1982. Katika kijiji cha Patata wanawake wanataka kuisimamisha nguzo iliyolala chini. Hawana majina ya kawaida. Wanaitwa Bi Moja, Bi Pili, hadi Bi Nane, na msimulizi wetu ni mtu anayeitwa Chizi. Wanakutana, wanaanza, wanakwama, wanalaumiana, kila mmoja ana yake nyumbani yanayomvuta. Nguzo inabaki pale pale.

Ukiisoma kitabuni, nguzo ni ishara, na ishara haina uzito. Jukwaani ni lazima mtu aibebe. Mwanzoni tulitumia bomba la plastiki la maji, tukalivisha kitambaa. Wanawake wanane wakaliinua kama wanaoinua ufagio, huku wakitoa miguno ya uongo. Haikuwezekana. Tukaenda kwa mafundi wanaojenga ghorofa ya jirani, wakatuazima mirunda mitatu, tukaifunga pamoja kwa kamba ya katani. Jioni hiyo hakuna aliyehitaji kufundishwa kuguna. Bi Pili alishika chini, Bi Tano akapiga kelele kwamba anasukumiwa uzito wote yeye, Bi Saba akaachia ghafla ili ajifunge khanga, nguzo ikaenda upande, ikapiga spika. Wakaanza kulaumiana wote kwa mara moja. Mwongozaji akatunong'oneza tuliokuwa pembeni kwamba asikatize mtu, maana waliyokuwa wakiambiana pale yalikuwa hayako mbali na yaliyomo kitabuni.

Siku hizi tunaitana kwa majina ya mchezo hata kwenye kundi letu la WhatsApp. Bi Tatu huja na mtoto mgongoni. Akiingia jukwaani mtoto anapokelewa na Bi Sita, na zamu ya Bi Sita ikifika mtoto anahamia kwa Chizi, ambaye amejifunza kusimulia huku akibembeleza. Bi Nne aliwahi kukosa mazoezi wiki nzima kwa sababu mumewe aliona kutoka usiku si jambo la mke wa mtu. Tulikwenda kumwona, wazee wawili wa kikundi na kilo mbili za sukari. Shemeji akatukaribisha, akatusikiliza, akauliza mchezo wenyewe unahusu nini, tukamweleza. Kesho yake akaja mwenyewe, akakaa kiti cha nyuma kabisa na mikono kifuani. Sasa ndiye anayefunga kamba za mirunda, na hataki mwingine azifunge.

Mmoja wa wanawake wa Patata anafiwa na mumewe, na ndugu wa mume wanaingia kusomba mali. Kwa ajili ya tukio hilo tukaamua kwamba mchezo unaofuata uwe Kwenye Ukingo wa Thim, ambao nao ni wa Ebrahim Hussein. Ulichapishwa 1988, wakati watu walikuwa bado wanaizungumzia kesi ya S. M. Otieno. Kwa msiokuwapo: Otieno, wakili Mjaluo, alifariki Nairobi Desemba 20, 1986. Mkewe Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika kwenye shamba lao la Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema hapana, atazikwa Nyalgunga, Siaya, kwenye ardhi ya baba zake. Mwili ukakaa mochwari miezi mitano wakati mawakili wanabishana, mpaka Mahakama ya Rufani ilipoupa ukoo ushindi, Mei 1987.

Hussein hakuandika taarifa ya kesi. Alimchukua mume, mke na ukoo, akawapa maisha mengine, akatuacha na mwanamke aliyejenga nyumba na mtu miaka yote kisha anaambiwa, siku mbaya kuliko zote, kwamba yeye si mwenyewe. Wako wanaosema hilo ni la Kenya, la Wajaluo na Wakikuyu. Mimi siafiki. Nani kati yetu hajakaa kwenye matanga ambapo kikao cha ukoo kinafanyika uani kwa sauti ya chini, na mjane yuko ndani, amezungukwa na wanawake, haulizwi? Nani hajasikia mtu akiuliza kadi ya gari iko wapi kabla arobaini haijafika? Na ukweli ni kwamba ukoo nao una hoja zake. Hussein hakuwafanya wajinga, nasi hatutawafanya. Waigizaji wanaocheza upande wa ukoo wameambiwa wacheze kama watu wanaoamini kabisa kwamba wanamfanyia ndugu yao haki ya mwisho. Usiku mmoja katika mazoezi walimshawishi hata mtunza funguo wa ukumbi.

Kwa mchezo huo seremala mmoja alikubali kutuazima jeneza jipya, bure, kwa sharti kwamba asilale mtu ndani. Sharti halikuwa na shida. Shida ilikuwa kulileta. Bajaji mbili zilikataa, na ya tatu iliyokataa ni ya mwenzetu wenyewe. Kwa hiyo hakutakuwa na jeneza jukwaani. Kutakuwa na kiti cha marehemu na koti lake limetundikwa mgongoni mwa kiti, na kila anayepita analikwepa. Nadhani tumepata bora kuliko tulichokikosa.

Sasa kuhusu ninyi. Dar es Salaam haikuwa siku zote mji wa kusoma tamthilia bila kuziona. Chuo Kikuu kilianza kufundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya sitini, na Hussein na Muhando walitokea pale. Baadaye vikundi kama Muungano na TOT vilijaza kumbi na viwanja vya baa mwisho wa wiki kwa ngoma, sarakasi, taarabu na vichekesho, na watu walilipa kiingilio na kutunza juu yake. Mwaka 1994 ITV ikaanza kurusha matangazo, na polepole waigizaji wakahamia kwenye kioo, kisha kwenye filamu. Sina ugomvi na filamu zetu. Nalia nazo kama wengine.

Kilichotupotezea watazamaji zaidi, kwa maoni yangu, ni igizo la bure. Mnalikumbuka: gari linasimama uwanjani, muziki unapigwa, kinaigizwa kisa cha malaria au UKIMWI, fulana zinagawiwa, gari linaondoka. Sisemi hayakufaa. Pengine yaliokoa maisha, na mengine yalichezwa na mafundi hasa. Tena haikuwa lazima yawe hivyo: mwanzoni mwa miaka ya themanini huko Malya, Mwanza, Mlama, Amandina Lihamba na wenzao walikaa na wanakijiji, na wanakijiji wakaigiza shida zao wenyewe. Lakini mengi yaliyofuata yalituzoesha mambo mawili. Kwamba igizo halilipiwi, na kwamba mwisho wake lazima asimame mtu atuambie la kufanya. Katika hizi nne hakuna atakayesimama. Mkitaka kujua nguzo ya Patata ingesimamaje, mtabishana wenyewe. Kila onyesho likiisha tunaacha taa zinawaka nusu saa kwa kazi hiyo, na chai ya tangawizi ipo.

Ukumbi una viti mia moja na hamsini. Jumamosi hatuupati, ni siku ya harusi na sendofu, wala hatushindani na maharusi. Tutacheza Alhamisi na Ijumaa saa moja na robo usiku, baada ya sala ya magharibi, na tunamaliza kabla ya saa tatu na nusu ili mwenye kupanda daladala asiachwe. Jumapili tunacheza saa tisa alasiri, kwa wenye watoto. Saa moja na robo tunayosema si ile ya kwenye kadi ya harusi. Mlango ukifungwa, aliyechelewa atasubiri mpaka onyesho la kwanza liishe, akiwa na mlinzi wetu ambaye ana hadithi nyingi lakini hajui kuigiza.

Kiingilio ni shilingi 5,000, mwanafunzi 2,000. Haziendi mbali. Kwanza kodi ya ukumbi, halafu mafuta ya jenereta, maana umeme ukikatika katikati ya Mashetani hatutaki mtu adhani ni sehemu ya mchezo, halafu nauli za waigizaji wanaorudi Mbagala na Gongo la Mboto usiku. Kikibaki, tunagawana. Mpaka leo hakijawahi kubaki kingi.

Na hapa nawageukia kwa jambo mnalolijua kuliko mataifa mengi. Sisi ni watu wa kuchanga. Hakuna mwezi unaopita bila kadi ya mchango kuingia kwenye simu. Kamati inakaa, mwenyekiti anafungua kikao, mweka hazina anasoma orodha ya walioahidi na wasiotimiza, na siku ikifika ukumbi unajaa na chakula kinatosha. Utaalamu wote huo tunauomba kwa jioni moja. Kikoba chenu, ofisi yenu, kwaya, waliomaliza darasa moja la mwaka fulani, wapangaji wa nyumba moja: kaeni kikao kimoja, mnunue safu mbili au tatu. Mkinunua ukumbi mzima, usiku huo ni wenu. Mtachagua hata kama mapumziko yawe ya chai au ya pilau. Pilau mtapika wenyewe.

Walimu wa Kiswahili, tumewafikiria. Kidato cha tano wanaingia Julai, na Nguzo Mama tumeiweka Agosti ili wawe wameshakishika kitabu. Kwa miaka mingi wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wamekisoma kitabu hicho pamoja na Thim, na wengi wao hawajawahi kuona mtu akiinua chochote. Waleteni. Ombi letu ni moja tu: msiwape kazi ya kuorodhesha sifa za wahusika wakiwa ukumbini. Anayeandika gizani haangalii jukwaa. Waulizeni kesho yake, mtashangaa waliyoyashika.

Wazee wetu mlioziona tamthilia hizi zikichezwa zamani, chuoni, kambini JKT, shuleni, au mliozicheza wenyewe, ninyi hamlipi. Njooni mtuambie ilikuwaje. Njooni hata kama ni kutuambia tunakosea. Mama mmoja aliyepita kwenye mazoezi alisimama mlangoni dakika chache, akatikisa kichwa, akasema wanawake wa kijijini hawashiki jembe namna ile, akaingia kutuonyesha. Amekuwa akija tangu hapo.

Kuhusu simu, hatutazikusanya mlangoni. Zizimeni mwanga tu, maana mwigizaji anaona nyuso zenu zikiwaka bluu na anasahau maneno. Mwishoni waigizaji watasimama, pigeni picha mpaka mchoke. Kucheka, kuguna, kumjibu mhusika, kumpigia kelele Ngoswe aondoke haraka kabla mzee hajarudi, yote ruksa. Anayetaka kumtunza mwigizaji asubiri apumzike kwanza. Noti ikibandikwa kwenye paji la uso wa mjane tutacheka sote, naye atashindwa kuendelea.

Vitu tunavyoomba kuazima ni hivi: taipureta, hata kama ni mbovu, simu ya mezani ya kuzungusha, redio ya mbao, khanga kuukuu, zile zilizofifia kweli, mikeka, magauni na suruali za miaka ya sabini. Vileteni Jumatano jioni, wakati wa mazoezi. Kila kitu kinaandikwa kwenye daftari pamoja na jina la mwenyewe, na msimu ukiisha kinarudishwa. Suruali ya bugaluu ndiyo inayotusumbua zaidi, kwani Kitaru wetu ni mrefu na kiuno chake ni inchi 32, na zote tulizoletewa zinamwishia juu ya kifundo. Makochi tumeshapata matatu. Tafadhali msilete la nne.